Sebule iliyokuwa ikinirudishia sauti

Wiki ya kwanza baada ya kuhamia Kinyerezi, mama alinipigia simu kutoka Muheza. Shikamoo yangu hakuiitikia hata vizuri, akaniuliza, "Mwanangu, uko wapi wewe? Mbona sauti yako kama uko ndani ya pipa?" Nilikuwa nimekaa chini sebuleni, nimeegemea ukuta, na mle ndani hakukuwa na kitu zaidi ya begi la nguo, ndoo mbili na jiko la gesi ambalo nilikuwa sijajua nitaliweka wapi. Nikamwambia niko nyumbani kwangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nyumba hiyo ina njaa."

Neno lile lilinikaa moyoni. Wapangaji wenzangu wa Dar mnaijua hesabu yenyewe: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali na mwezi wake mmoja, Kirikuu ya kuhamisha vitu, umeme wa LUKU, kitasa kipya kwa sababu hujui nani ana ufunguo wa zamani. Ukimaliza hayo, pochi imekauka. Unaingia kwenye chumba na sebule, marumaru chini, kuta nyeupe, dari ya jipsamu, kila kitu kisafi, na bado usiku unajiona kama uko stendi unasubiri basi. Nimeishi hivyo miezi mingi, na sitaki mwenzangu aishi hivyo kwa kudhani dawa yake ni pesa nyingi.

Mimi nilianza na kochi, na hapo ndipo nilipopotea. Nilikubaliana na fundi mmoja nilipe kidogo kidogo kwa miezi minne. Kabla deni halijaisha, sponji ilishabonyea na ubao ukawa unanigusa paja kila nikikaa. Niliumia sana, maana pesa ile niliitoa kwenye nauli na chakula. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sebule ilibaki vilevile. Kochi moja katikati ya chumba kitupu linaufanya utupu uonekane vizuri zaidi. Nikaliuza kwa hasara, nikakaa chini tena, nikaanza kujiuliza mama alisikia nini kwenye simu.

Alisikia mwangwi. Marumaru, ukuta wa plasta, kioo cha dirisha, dari, vyote ni vitu vigumu, na sauti ikivigonga inarudi. Kitambaa, sponji na mkeka huimeza. Masikio yanajua kuwa nyumba ni tupu kabla macho hayajajua, na mwili hautulii. Fanya hivi leo jioni: simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaotetema kidogo kabla ya kupotea, ujue unachokosa kwanza ni vitu laini, na vitu laini vina bei ndogo kuliko mbao.

Kwa hiyo safari ya pili nilianza na mapazia. Nilikwenda Ilala asubuhi, siku wanayofungua mabelo, nikachambua mapazia ya mtumba. Chukua mazito, yenye uzito wa kitambaa cha koti, hata kama rangi si ile uliyoiota. Nilipata vipande vinne kwa elfu ishirini na nne baada ya kubembelezana. Kisha nikamwomba fundi asiligongee bomba la pazia juu kidogo ya fremu ya dirisha kama walivyozoea. Nilimwambia apande mpaka karibu na dari, na kila upande wa dirisha aongeze shubiri moja. Pazia likishuka kutoka juu mpaka likagusa sakafu, ukuta mzima unaonekana umevaa, dirisha linaonekana kubwa, na sauti inapungua hapohapo. Mwenye nyumba muulize kabla hujatoboa. Wangu alikubali kwa sharti kwamba nikihama niache bomba.

Baada ya pazia nikafika mahali pa kukaa. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapojiona wanyonge, wanaogopa hata kukaribisha mgeni. Nikiwa mdogo tulikuwa tunakwenda Pangani kwa bibi. Nyumba yake haikuwa na kochi hata moja. Chini jamvi, juu ya jamvi mkeka, mito imepangwa ukutani, na alasiri ikifika wanawake wa mtaa mzima wamo mle na kahawa. Hakuna aliyeona kuwa pale pana upungufu. Pwani yetu imekuwa ikikaa chini kwa heshima miaka yote, sisi ndio tuliokubali kuambiwa kuwa nyumba bila kochi haijakamilika.

Nikachukua godoro langu la zamani la nne kwa sita, la inchi sita, nikalipiga mstari kwa kalamu ya wino katikati kwa urefu, nikalikata kwa kisu kirefu cha mkate. Usilikandamize unapokata. Kisu kiende mbele na nyuma taratibu, la sivyo sponji inakatika kwa mawimbi. Nikapata vikalio viwili, kila kimoja futi mbili kwa sita, vinavyotosha kona nzima ya sebule. Fundi cherehani wa mtaani akanishonea magwanda ya kitambaa cha kochi chenye zipu, ili niweze kuvua na kufua.

Jambo moja la kuangalia: godoro lisilale moja kwa moja kwenye sakafu. Chini ya sponji hakupiti hewa, na masika ikifika unakuta ukungu mweusi. Mimi niliweka paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, nilizonunua Vingunguti kwa vijana wanaozikusanya kutoka viwandani. Paleti zinazosafiri kati ya nchi na nchi huwa na muhuri. Tafuta herufi HT, maana yake mbao ziliuliwa wadudu kwa joto. Ukiona MB, ziache, hizo zilifukizwa dawa ya sumu. Piga msasa mpaka ukipitisha kiganja hakuna kinachokukwaruza, kwa sababu watoto watakuja na watakimbia juu yake.

Mito nayo ina hadithi yake. Nilimwambia mama nina mpango wa kununua vipande vya sponji vya kilo kwa ajili ya kujazia. Akasema nisitupe pesa, nyuma ya nyumba kuna msufi. Wiki mbili baadaye nikapokea gunia kwenye basi la Tanga, jepesi mpaka kondakta akaniuliza kama lina kitu. Sufi yenyewe ilikuwa bado na mbegu. Nikaianika juani siku mbili, nikafunga pua kwa mtandio, nikakaa uani na jirani yangu tukiitenganisha. Unakamata bonge, unalivuta kwa vidole viwili, mbegu nyeusi inadondoka kama pilipili manga, na nyuzi zinapanda hewani zinakukaa kwenye kope. Tulifanya kazi ile mchana kutwa. Doti moja ya kanga ilinitolea foronya sita za sentimita arubaini na tano, tatu kwa kila kipande, nami nilimwomba fundi asilikate jina. Mto mmoja umebaki na maneno yake kamili: Mgeni njoo mwenyeji apone. Ndio unaokaa mbele.

Sufi haipendi maji. Ukifua mto mzima inashikana mabonge, kwa hiyo vua foronya ndiyo ufue, na mto wenyewe utoe juani mara moja kwa mwezi uupige kwa fimbo. Ukifanya hivyo unarudi kujaa kama mpya.

Chini ya miguu nilikuwa na shauku ya kapeti la manyoya, kama kila mtu. Jirani analo, zuri kuangalia, lakini mtaa wetu hauna lami, na vumbi la huku linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kila akilikung'uta wanawe wanapiga chafya mpaka usiku. Kwa nyumba za joto na vumbi mimi nasema mkeka. Mkeka wa ukindu ni kili, yaani mikanda mirefu, zilizosukwa moja moja kisha zikashonwa pamoja, ndiyo maana unapoununua usitazame rangi ya juu tu. Ugeuze, uvute mishono ya katikati, mshono mmoja ukifumuka na wa pili utafuata. Halafu lowesha kidole usugue sehemu nyekundu au ya zambarau. Rangi ikikujia kidoleni, siku maji yakimwagika itakuachia alama kwenye marumaru. Na nunua mkubwa. Mkeka mdogo katikati ya sebule unaonekana kama umesahauliwa pale, lakini ukiingia mpaka chini ya viti, vitu vyote vinakuwa familia moja. Wangu ulinigharimu elfu thelathini na tano, na ndio kitu cha bei kubwa nilichonunua.

Sasa taa, na hapa naomba mnisikilize hata kama mengine yote mtayaacha, kwa sababu ni shilingi elfu chache tu. Nyumba nyingi tunazopanga zina balbu nyeupe ya kupofusha katikati ya dari. Mwanga ule unafaa duka la dawa. Angalia kwenye boksi la balbu namba inayoishia na herufi K. 6500K ni mwanga mweupe wenye ubuluu, 2700K au 3000K ni wa njano, unaokaribia ule wa chemli. Nunua wa njano. Halafu uushushe. Taa ya darini iwashe ukiwa unafagia au unatafuta sindano, lakini jioni washa iliyo chini, usawa wa bega la mtu aliyekaa. Mimi nilimwomba fundi umeme aniungie holda, waya na plagi, nikaifunika kwa kikapu cha ukili nilichokigeuza kichwa chini. Mwanga unatokea kwenye matundu ya ukili na kuchora vimraba ukutani, na ukuta mtupu ambao nilikuwa naulalamikia sasa sitaki kuufunika kwa picha. Tumia balbu ya LED ya wati tano au saba, isiyochemka kama zile za zamani, na acha nafasi ya kiganja kati ya balbu na kikapu. Mshumaa karibu na pazia usijaribu kabisa.

Mengine ni madogo na hayahitaji maneno mengi. Kioo ukikiweka mkabala na dirisha kinakuongezea mwanga wa mchana. Mimea omba vipande kwa majirani, hakuna anayekataa, na mshubiri hauogopi mtu anayesahau kumwagilia. Rangi chagua mbili au tatu uzishike, maana vitu vya mtumba vinaonekana vya kuokoteza pale tu kila kimoja kinapopiga kelele yake. Waya za chaja na za televisheni zifunge pamoja kwa kamba uzipitishe nyuma. Hilo la waya halina gharama na linatuliza macho ajabu.

Harufu pia. Nikiwa na mkaa nafukiza udi kwenye chetezo, madirisha wazi. Siku nyingine nachemsha maganda ya machungwa na karafuu tano sita kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, nusu saa. Mgeni akiingia anauliza unapika nini.

Mama alikuja mwezi wa nane. Nilimpokea stendi ya Magufuli, tukafika nyumbani saa saba, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alizunguka sebule akigusa vitu, akaubonyeza mto mmoja akasema, "Hii sufi hukuianika vya kutosha," na kweli ulikuwa na bonge upande mmoja. Tukala. Baada ya chakula akaegemea kona ile ya godoro, akajifunika kanga usoni, na sikuisikia sauti yake mpaka adhana ya alasiri.

Ukiacha lile kochi, niliandika matumizi yangu yote kwenye daftari: kwa miezi mitano sikuvuka laki moja na nusu, na hakuna mwezi niliotoa zaidi ya elfu arubaini. Nilikuwa nanunua kitu kimoja, nakaa nacho wiki kadhaa, nasikiliza nyumba inataka nini tena. Ukiwa na elfu kumi leo, nunua balbu. Mwezi ujao tafuta pazia. Godoro la zamani usimpe mtu kwanza.

Chumbani kwangu bado kunaitikia. Jana usiku nilipiga kofi nikasikia ule mlio mkali, na dirisha la huko bado limefunikwa shuka. Jumamosi nakwenda Ilala.