Alama ulizipiga kweli, ila hazijafika: jibu kwa mleta uzi kuhusu madaraja na rekodi

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema ulipiga alama 2441 kwenye mashindano ya bastola mwezi wa tatu, ukarudia 2436 mwezi wa tano, na kadi yako ya daraja mpaka leo inasoma Sharpshooter. Unauliza kama kuna mtu anakubania, na Jumamosi hii ujiandikishe daraja gani. Nitajibu kwa urefu kwa sababu jambo hili limenikuta mimi, likamkuta na binti yangu, na sasa hivi nakaa upande wa pili wa meza, ule unaotuma matokeo.

Kwa wasioujua mchezo huu, ni kulenga shabaha kwa bastola kwa mtindo wa kawaida wa Kimarekani, unapiga kwa mkono mmoja. Mashindano kamili yana alama 2700. Unapiga risasi 90 kwa bastola ya .22, 90 kwa bastola ya risasi kubwa zaidi, na 90 kwa .45. Katika kila 90, risasi 20 ni za polepole kwenye yadi 50, kisha 30 za mchanganyiko wa polepole, muda na haraka, halafu 20 za muda na 20 za haraka, hizo zote mbili kwenye yadi 25. Kwenye zile za haraka unatoa risasi tano ndani ya sekunde 10. Madaraja ya NRA, chama cha taifa cha bunduki cha Marekani, yanafuata asilimia. Chini ya 85 wewe ni Marksman, 85 mpaka chini ya 90 ni Sharpshooter, 90 ni Expert, 95 ni Master, na 97 kwenda juu ni High Master. Asilimia 90 ya 2700 ni 2430, kwa hiyo mleta uzi hajipendelei: mara zote mbili alama zake ni za Expert.

Mimi niliingia kwenye mchezo huu nikiwa na miaka 38, baada ya jirani kunipeleka klabuni kwake. Mwaka wangu wa tatu mkono ulitulia. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa nane nilivuka 2430 mara tano, lakini kadi haikusogea. Nilijiambia kwamba kazi yangu ni kupiga na ya kwao ni kuandika, siku ikifika itafika.

Mwezi wa tisa nilikwenda mji mwingine kushindana. Nikaandikisha daraja lililo kwenye kadi, yaani Sharpshooter, nikashinda daraja hilo kwa alama nyingi. Aliyenifuata alikuwa mzee wa miaka 71, mkono unatetemeka kidogo, na siku hiyo alikuwa amepiga vizuri kuliko miaka yake mingi ya karibuni. Alinifuata kwenye gari akanishika mkono, akanipongeza kwa moyo mweupe. Nilirudi nyumbani na ile bahasha ya zawadi kwenye kiti cha pembeni na sikuweza kuifungua. Kisheria sikuwa na kosa, kadi ilisema Sharpshooter. Lakini nilijua kilichomo kwenye daftari langu, na nilijua kwamba nafasi ile ya kwanza ilikuwa ya yule mzee.

Jumatatu nikapiga simu ofisi ya madaraja, nimejiandaa kugombana. Yule mama aliyepokea alikuwa mpole na alinionyesha hali ilivyo: kati ya mashindano yangu matano, walikuwa wamepokea moja tu. Mengine manne yalifanyika klabu moja, na klabu ile haikuwa imetuma chochote tangu majira ya kuchipua. Na hilo moja lililofika liliingia kwa namba ya uanachama iliyokosewa tarakimu moja, likawa limekaa peke yake bila mwenyewe.

Nikaenda klabuni. Aliyekuwa akihesabu alama na kutuma matokeo alikuwa ameugua tangu mwezi wa tano, na hakuna aliyeteuliwa kushika nafasi yake. Kadi za alama za miezi minne zilikuwa kwenye boksi la viatu ndani ya banda la karatasi za shabaha. Si zangu tu, ni za watu zaidi ya thelathini. Hakuna aliyekuwa amembania mtu. Nikasema nipeni hilo boksi, na tangu siku hiyo kazi ile ni yangu.

Sasa nieleze kinachochelewesha, kwa sababu ukiwa kwenye mstari wa kupigia hukioni.

Kwenye mchezo wetu mashine hazihesabu. Ukimaliza kupiga unatembea mpaka kwenye shabaha, na jirani yako ndiye anayehesabu matundu yako, wewe unahesabu ya jirani wa upande mwingine. Tundu likigusa mstari mnabishana kidogo, kipimo kinachomekwa tunduni, mnaafikiana, mnatia saini kadi. Kadi hiyo inaandikwa na mtu mwenye jasho, kwa penseli, juani au kwenye manyunyu. Moja inafanana na saba. Mwingine hajaandika namba ya uanachama kwa sababu aliisahau kwenye gari. Na sisi wenye majina yetu ya watu watatu tuna balaa letu: leo unaandika jina lako na la baba, kesho unaandika la kwako na la babu, mhesabu anageuza lipi litangulie, na kule mwisho unaonekana kama watu wawili ambao kila mmoja ana risasi pungufu za kupandishwa daraja. Ndugu zangu wa Afrika Mashariki, chagueni mpangilio mmoja wa jina, uleule ulio kwenye kadi ya uanachama, na msiubadilishe kamwe.

Halafu kuna ada. Taarifa ya mashindano inakwenda pamoja na malipo kwa kila mshiriki. Mimi naweza kumaliza kuchapa Jumapili usiku, lakini mweka hazina akiwa safarini, bahasha inamsubiri yeye na hundi yake.

Wenzetu wa bastola ya kupiga huku unakimbia, wa chama cha USPSA cha Marekani, wanatuma matokeo kwa mtandao, na watu hudhani huko hakuna tatizo. Mdogo wangu anapiga huko. Daraja la kwanza linahitaji matokeo manne ya majaribio maalumu, baadaye wanachukua sita bora kati ya nane ya karibuni. Asilimia 60 unaingia B, 75 unaingia A, 85 Master, 95 Grand Master. Klabu moja isipotuma jaribio lako, hesabu yote inakaa upande. Alikaa C msimu mzima huku akipiga kama mtu wa A. Kompyuta ni ya haraka, ila lazima kuna mtu wa kubonyeza kitufe cha kutuma.

Madhara yake ni makubwa kuliko kukosa kadi mpya ya kuonyesha nyumbani. Klabuni watu wanaanza kunong'ona kwamba fulani anajificha daraja la chini ili achume zawadi. Mtu mwaminifu anapakwa matope kwa sababu ya boksi la viatu. Na anayejificha kwa makusudi anapata kisingizio hichohicho.

Upande wa rekodi huumiza zaidi. Binti yangu akiwa bado kwenye umri wa vijana alipiga, katika mashindano ya ndani ya .22, alama zilizopita rekodi ya vijana ya jimbo tulilokuwa tukiishi. Tulishangilia, tukapiga picha, tukaenda kula. Hakuna aliyejaza fomu siku ile. Kwenye kadi yake kisanduku cha vijana kilikuwa hakijawekwa alama, karatasi za shabaha zilitupwa jioni ileile, na msimamizi wa mashindano alihamia jimbo jingine wiki tatu baadaye. Tulihitaji saini yake na nakala ya kadi. Ilichukua miezi minane.

Katikati ya miezi hiyo binti mwingine, upande wa pili wa jimbo, alipiga alama mbili pungufu ya wangu. Fomu yake ilijazwa siku hiyohiyo na ikatangazwa kuwa rekodi mpya. Familia yake ilifurahi kwa haki kabisa. Kisha ya kwetu ikakubaliwa, orodha ikabadilishwa, na yule mtoto akaondolewa jina. Wangu naye alikuwa ameshatoka kwenye umri wa vijana na hakutaka hata kuiona ile orodha. Watoto wawili waliumia, na wote wawili walikuwa wamepiga vizuri. Bado nalijutia jambo hilo, kwa sababu nilikuwepo, na fomu ilikuwa ukurasa mmoja.

Jueni pia kwamba si kila mashindano yanaweza kuzaa rekodi. Kwa NRA, rekodi ya taifa hutoka kwenye mashindano yaliyosajiliwa kwa kiwango hicho, hata kama ya kiwango cha chini yanahesabika kwa daraja lako. ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, nao rekodi ya dunia wanaitambua kwenye Olimpiki, mashindano ya dunia, Kombe la Dunia, na mashindano ya mabara. Ukipiga alama hizohizo kwenye ubingwa wa taifa lako, ni alama nzuri tu. Na kanuni nazo hazikusubiri. Bunduki ya upepo ya mita 10 kwa wanaume ilikuwa na kilele cha 600, na Gagan Narang wa India aliifikia Bangkok mwaka 2008. Mwaka 2013 wakaanza kuhesabu kwa desimali, kilele kikawa 654, na ukurasa wa 600 ukafungwa. Mwaka 2018 wanawake wakatoka risasi 40 kwenda 60, ukurasa mwingine ukafungwa. Kwa hiyo ukiuliza kabla ya kupiga kama siku hiyo rekodi inaruhusiwa, na nani atajaza fomu, hujioni bingwa. Ni swali la kawaida kama kuuliza choo kiko wapi.

Kwenye mchezo wetu wa 2700, Hershel Anderson alipiga 2680 mwaka 1974 na kwa miongo kadhaa hakuna aliyempita. Huwa nawaza kuhusu yule aliyekaa siku ile akahesabu, akaandika vizuri, akatuma. Jina lake silijui, lakini kila ninapofungua boksi la kadi namkumbuka.

Sasa nirudi kwako. Leo usiku tafuta kadi zako za mwezi wa tatu na wa tano. Kama huna, waombe waandaaji nakala ya orodha ya matokeo. Andika tarehe, uwanja, idadi ya risasi na alama kwenye daftari la alama, lile la NRA, ambalo kanuni inalitambua kwa daraja la muda. Kesho piga simu uulize mashindano yapi yamefika na kwa namba gani ya uanachama, usianze kwa kulalamika. Yasiyofika, mfuate mwandaaji, na ukimkuta amezidiwa na karatasi, kaa naye saa mbili umsaidie kuchapa.

Na Jumamosi jiandikishe Expert. Kanuni inakuruhusu kuchagua daraja la juu kuliko la kadi yako, ilimradi uchague kabla ya kupiga risasi ya kwanza. Huenda usipate zawadi. Mimi tangu siku ya yule mzee sijawahi kujiandikisha daraja la chini kuliko lile ambalo alama za daftari langu zinanipa. Ile bahasha nilimrudishia mwezi uliofuata, alikataa mara mbili, ya tatu akaipokea.

Ukikwama kwenye kujaza daftari niandikie hapahapa, nitakuelekeza.