Kadi Iliyofichwa Chini ya Leso

*Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tudor, Mombasa, ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mume wangu ni baharia, yuko safarini, atarudi baada ya miezi miwili. Mwaka jana vijana wa benki walikuja ofisini wakatujazisha fomu, nikapata kadi ya mkopo. Mwanzoni nilinunulia vyakula tu. Ikaja harusi ya mdogo wangu: sare za kupamba, hina, chakula cha wageni. Ikafuata friji. Kisha karo ya mtoto, nikatoa elfu thelathini kwenye mashine ya ATM. Deni likafika shilingi 120,000. Tangu Idi, miezi minane sasa, sijanunua hata pipi kwa kadi hiyo na kila mwezi nalipa kile benki wanachotaka, lakini deni haliishi. Mume wangu hajui. Yeye husema riba haingii nyumba hii. Kadi na stetimenti nimezificha kabatini chini ya leso. Nina bangili sita, mbili za mahari, nne nilizipata kwa chama cha dhahabu cha kuchangiana kwa zamu, ambacho kila mwezi natoa elfu tano. Niikate kadi? Niuze dhahabu? Nimwambie?*

*Mwenye Siri, Tudor*

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, ile picha ya stetimenti uliyonitumia uliipiga kadi ikiwa imelala juu ya karatasi, na namba zote zinasomeka. Nimeifuta. Ifute na wewe, na usimtumie mtu mwingine, hata mimi. Na akikupigia mtu akasema ni wa benki, akataka zile namba tatu za nyuma ya kadi au ile namba iliyoingia kwenye simu yako, huyo ni mwizi, hata akikutajia jina lako na la mamako.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, maana nimekaa nayo na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

Chukua mwezi uliopita peke yake. Deni lilikuwa 106,618. Benki wakakwambia kiwango cha chini cha kulipa ni asilimia 5, ukalipa 5,331. Yaliyobaki yakapigwa riba ya asilimia 3.5, yaani 3,545. Deni likarudi 104,832. Umetoa zaidi ya elfu tano kwenye mshahara wako, deni likapungua kwa 1,786. Nimejumlisha miezi yote minane: umelipa kama 45,000, na deni limeshuka kwa 15,000 tu. Thelathini elfu zote zimeliwa na riba. Na ukiendelea na mwendo huu, bila kununua hata sindano, kutoka 120,000 mpaka kufikia nusu yake ni miezi 41. Nusu tu. Mtoto wako wa darasa la tano atakuwa sekondari.

Hapo ndipo penye ugonjwa wako, na wala si harusi. Harusi ingekuumiza mwezi mmoja au miwili, ukalia, ukamaliza. Kiwango cha chini ndicho kilichokuwezesha kuficha. Ni kidogo, hakionekani kwenye matumizi ya nyumba, benki hawakupigii simu, mume hagundui. Kama wangekudai zote kwa mkupuo mwezi wa kwanza, siri hii isingekaa hata wiki. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wengine tunaitaja tu kama methali, lakini wewe umeifanya kwa biriani na sare.

Ile elfu thelathini ya ATM ndiyo iliyokula zaidi, na najua hukujua, kwa sababu hata mimi sikujua. Mwaka niliopata kadi yangu ya kwanza nilikwenda Lamu kwa Maulidi, pesa zikaniishia, nikaingiza kadi kwenye mashine kama ninavyoingiza ile ya akiba. Nikatoa elfu kumi, nikanunua kofia na halua, nikarudi Mombasa na furaha zangu. Karatasi ilipokuja nikaona ada ya kutoa pesa, na chini yake riba iliyoanza kuhesabiwa siku ile ile niliyosimama pale mashineni. Nikaenda benki na mdomo wangu wote. Binti wa kaunta akanigeuzia fomu niliyotia sahihi, ukurasa wa tatu, maandishi ya ukubwa wa chungu. Yalikuwa pale. Kununua dukani kwa kadi kuna siku za msamaha, kutoa pesa taslimu hakuna.

Hizo siku za msamaha nikueleze, maana ndizo pekee zinazoifanya kadi iwe na faida kwa mtu wa mshahara. Stetimenti yako hufungwa tarehe 20, na unatakiwa kulipa tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukinunua kitu Machi 21, kinaingia kwenye karatasi ya Aprili 20, unakilipa Mei 10. Hizo ni siku 50 za kutumia pesa ya mwenzio bila riba. Ukinunua Aprili 19, unabaki na siku 21 tu. Lakini kuna sharti ambalo wale vijana waliokuja ofisini hawakulitaja: msamaha ni wa anayelipa deni lote. Ukiacha salio, kwenye kadi nyingi hata sukari utakayonunua kesho inaanza kula riba tangu siku ya kununua. Kwa hiyo umefanya vizuri sana kuacha kuitumia, ingawa uliacha kwa hofu.

Niikate kadi, unauliza. Kuikata kwa mkasi ni kujifurahisha tu. Akaunti inabaki hai, ada ya mwaka inaendelea, deni halijui kwamba umekata plastiki. Mpe mtu akuwekee, dada yako mkubwa kwa mfano, na uifute kwenye simu kama uliiingiza kwenye programu za teksi au za kununua vitu. Siku deni litakapofika sufuri, ukiona huitaki, utaandika barua benki waifunge na wakupe karatasi ya kuthibitisha.

Dhahabu. Hapa najua kuna watakaonikasirikia, lakini nasema: uza. Za mahari usiziguse. Uza mbili kati ya zile nne za chama. Mamangu alikuwa akisema dhahabu ya mwanamke wa Pwani ni benki inayovaliwa mkononi, na benki kazi yake ni kutolewa pesa siku ya shida. Usiende kwa sonara mmoja. Zipime kwa wawili watatu, uone mizani kwa macho yako, uulize bei ya gramu kwanza kabla hujazivua. Ujira wa kutengeneza uliolipa siku ile hutaupata, huo umekwenda. Na usiweke rehani, maana utakuwa umetoka kwenye riba moja ukaingia nyingine, na bangili huna.

Tuseme zimekupa elfu hamsini. Zipeleke benki siku hiyo hiyo, usilale nazo, maana wifi atasikia. Deni linabaki 54,832. Sasa lipa 12,000 kila mwezi badala ya hizo elfu tano na kitu. Utamaliza kwa miezi mitano. Usipouza kitu, ukalipa hizo hizo 12,000, itakuchukua karibu miezi kumi na moja. Utazitoa wapi? Elfu tano ya chama: mzunguko ukiisha, usiingie wa pili. Kununua dhahabu huku unadaiwa asilimia 3.5 kwa mwezi ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Elfu tano na mia tatu unazilipa tayari. Elfu moja na mia saba iliyobaki iko kwenye tuktuk za asubuhi, najua, na mimi nazipanda.

Wengine watakushauri ukope kwenye Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ulipe kadi. Kwa hesabu tu, hawajakosea: Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na 105,000 kwa mwaka mmoja ingekuwa kama 9,330 kwa mwezi. Lakini nimewaona wengi waliofanya hivyo, kadi ikawa tupu, wakaijaza tena, sasa wana mikopo miwili na wadhamini wanawakimbia. Na wewe una jambo la riba nyumbani. Usitoke kwa mlango ukarudi kwa dirisha. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa kwenye simu, kwa ajili ya kulipia kadi sitaki hata kuisikia.

Nenda pia tawini, uulize kama wanaweza kulisimamisha deni na kuligeuza liwe la mafungu kwa riba ndogo. Benki nyingine hukubali, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuruka mwezi, na wewe hujaruka. Usiruke. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mbovu na jina linapelekwa CRB, wale wanaoweka kumbukumbu za wakopaji, na siku ukitaka mkopo wa kiwanja utaulizwa. Kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, tangu 2007, kinachosema deni likishakuwa bovu riba haiwezi kuzidi asili ya mkopo iliyobaki siku hiyo. Kuna watu husikia hivyo wakakaa kitako. Mpaka ufike kwenye kinga hiyo, deni limeshakuwa maradufu.

Kuhusu riba kama mas'ala ya dini, mimi si mufti, muulize mwenye elimu. Benki za Kiislamu ziko nchini tangu 2008, na anayetaka huduma ya benki bila jambo hilo ana pa kubisha hodi. Nitakalosema ni hili tu: mumeo amesema riba haingii, na imekwisha kuingia, imekaa miezi minane, imekula elfu thelathini. Kuificha hakuipunguzi.

Na baada ya kumaliza, utamani kadi tena? Huenda. Si haramu kuwa na daftari la deni. Tulipokuwa watoto Bondeni, mamangu alikuwa na daftari dukani kwa Mshihiri, Mwarabu wa Yemen, jalada jeusi, limefungwa kwa mpira. Mwisho wa mwezi babangu akipokea mshahara hupita dukani kabla ya nyumbani, anahesabu, anafuta. Na yule mzee kalamu ilikuwa sikioni, lakini macho yalikuwa kwako. Akiona sukari imeandikwa mara ya tatu kwa wiki moja anauliza, "Mna wageni?" Mama anaona haya, chai inapunguzwa sukari. Kadi haina macho hayo. Ukinunua mara tatu inakupa pointi, ukinunua mara kumi benki wanakuandikia kwamba limiti yako imepandishwa, na wewe unadhani umesifiwa. Ukiirudia, ununue kwa kadi vile tu ambavyo pesa yake tayari iko kwenye akaunti, na uiagize benki ikate deni zima, siyo kile kiwango cha chini, siku mbili baada ya mshahara. Vile vitu vya kulipia kwa dola vinavyojikata vyenyewe kila mwezi, usiviweke humo kabisa.

Limebaki la mumeo. Najua umepanga kumngoja afike, apumzike, umpikie pilau, halafu umwambie. Usingoje. Mwambie wiki hii, meli ikifika bandari yenye mtandao. Mpigie, usimwandikie. Mtajie namba tatu: nilifika 120,000, sasa ni 104,832, nauza bangili mbili na nitamaliza kwa miezi mitano. Usianze na kilio, wala usimlaumu mdogo wako na harusi yake. Atanyamaza, pengine atakata simu. Mwache. Ana miezi miwili ya kukasirika huko huko baharini, na kukasirikia chuma cha meli ni afadhali kuliko kukukasirikia wewe sebuleni watoto wakisikia. Mpaka afike Kilindini utakuwa umeshalipa mara mbili, na zile leso utakuwa umezikunjua ukazivaa.