Usitoe nyekundu hiyo! "Mtu wa mwisho" hayumo kwenye sheria

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Umeandika hapo juu kwamba Jumamosi unachezesha nusu fainali ya mitaa huko Likoni, kwamba beki akicheza rafu kwenye boksi naye ni mtu wa mwisho, yaani nyuma yake amebaki kipa tu, "ni nyekundu moja kwa moja", na ati unachotaka kujua ni mahali pa kusimama penalti ikipigwa na kipa akitoka mapema ufanyeje. Hayo ya kipa yaache. Hiyo nyekundu ndiyo iliyonifanya niache kahawa ipoe hapa barazani. Usiitoe! Mimi niliitoa.

Ilikuwa 2018, fainali ya mitaa upande wa Kisauni. Sufuri kwa sufuri, kipindi cha kwanza. Mshambuliaji amewatoka mabeki wote, kaingia boksi, amebaki yeye na kipa. Beki wa kulia, kijana wa shule, mwembamba, akamfikia kwa ubavuni na kuteleza na mguu mmoja. Mimi nilikuwa hatua kama nane hivi. Niliona ncha ya kiatu chake ikiukosa mpira kwa upana wa kidole, ndipo ikamgonga mwenzake kwenye kifundo. Kosa lile halina ubishi. Nikapuliza, nikaonyesha penalti, na mkono tayari uko mfuko wa nyuma. Nyekundu.

Hakubisha. Alikaa chini mchangani, akashusha soksi, akaniuliza polepole: "Refa, si nilikuwa naufuata mpira?" Nikamwambia, "Toka." Wallahi, neno hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kijana alinisomea sheria na mimi nikamfukuza.

Penalti ikaingia. Wenzake wakacheza watu 10 kwenye jua lile, wakala 5. Lakini mabao si kitu. Kadi ile ilimfungia mechi iliyofuata, na mechi hiyo ndiyo waliyokuja makocha kuchagua vijana wa timu ya kaunti ndogo. Yeye alikuwa nje ya kamba na kanzu yake, anatazama. Nilikwenda kwao kumwomba babake radhi. Mzee alinikaribisha, akanipa chai, hakusema neno baya hata moja. Afadhali angenitukana.

Na nani alinifunza upuuzi ule? Mkufunzi wetu, mtu wa miaka mingi ya firimbi, alitukusanya chini ya mwembe akatuambia: "Mtu wa mwisho, nyekundu, hakuna mjadala." Sisi tukaandika kwenye madaftari kama watoto wa chuoni. Sheria ilikuwa imebadilishwa 2016! Miaka miwili mizima mtu hajafungua kitabu, na ada zetu kazichukua. Simsamehi. Kama hujui jambo, nyamaza, usiwatume vijana wa watu uwanjani na sheria iliyokufa.

Haya, sikiliza sasa. Hao IFAB wanaotunga sheria za mpira waliona kwamba penalti, nyekundu na kufungiwa mechi kwa kosa moja ni adhabu tatu kwa mpigo, ilhali penalti yenyewe imeshamrudishia mshambuliaji nafasi yake ya kufunga. Kwa hiyo, beki akizuia bao la wazi, yaani nafasi ya dhahiri ya kufunga, ndani ya boksi huku akiwania mpira, adhabu ni penalti na njano. Kipa vilevile. Lakini akivuta jezi, akisukuma, akishika mtu, au mpira uko mahali ambapo hakuwa na njia ya kuufikia, hiyo nyekundu itoe na usitetemeke. Na rafu ileile ikitokea hatua moja nje ya boksi, bao la wazi likazuiwa, ni nyekundu hata kama aliutafuta mpira, maana huko hakuna penalti ya kumfidia mtu. Hapo ndipo watu wanapochanganya.

Huyo "mtu wa mwisho" kwenye kitabu hayumo kabisa. Unachopima ni umbali kutoka golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, mshambuliaji angeumiliki mpira au la, na mabeki wako wangapi na wamesimama wapi. Kama lilikuwa shambulizi la kutia matumaini tu, si bao la wazi, na beki aliwania mpira, toa penalti bila kadi yoyote. Mashabiki watapiga kelele, waache wapige. Lakini mguu ukiingia kizembe bila kujali usalama wa mwenzake, njano iko palepale. Akiingia kwa nguvu za kuvunja mtu, ni nyekundu hata kama hakukuwa na dalili ya bao.

Mkono nao usikuchanganye. Suárez wa Uruguay alipouzuia kwa mikono mpira wa Ghana kwenye mstari wa goli, Kombe la Dunia 2010, alifanya makusudi, na leo pia ni nyekundu. Uliogonga mkono bila kukusudia ukazuia bao la wazi, ikawa penalti, tangu msimu wa 2024/25 ni njano.

Kwa hiyo shika hili moja: mpira au mtu? Ukishapuliza, nyoosha mkono kwenye nukta, kisha tembea kuielekea, mikono yote iwe nje ya mifuko. Wacha wakuzunguke, wacha makocha wapige mayowe. Irudishe picha kichwani: mguu ulikuwa unafuata mpira, au unafuata mtu? Ukipata jibu, ndipo uguse mfuko. Na washika vibendera wako wakalishe kabla ya mechi, wasije wakakupigia kelele za "mtu wa mwisho" kutoka pembeni, kwa sababu hao nao walifunzwa chini ya miembe kama ule wetu.

Hayo mengine wenzangu humu watakujibu. Mimi naomba Jumamosi usiku uje hapa uniandikie penalti ilikuwaje, na mkono wako ulikuwa wapi.