Maswali Yenu: Bahari ya Azov na Kina Chake Kifupi

Katika toleo lililopita tuliandika aya moja tu kuhusu Bahari ya Azov, iliyo kati ya Ukraine na Urusi, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, tukasema kwamba ndiyo yenye kina kifupi kuliko bahari zote duniani. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua tano kati ya hizo.

*Ikiwa kina chake hakizidi mita 14, kwa nini mnaiita bahari? Hilo si ziwa?*

Ndugu msomaji, shaka yako ni ya kale kuliko unavyodhani. Wagiriki wa zamani waliiita ziwa la Meotis, na Warumi walikwenda mbali zaidi wakaiita Palus Maeotis, yaani kinamasi cha Meotis. Hata hivyo kinachoifanya iwe bahari ni mlango wake, wala kina hakihusiki. Mlangobahari wa Kerch, ambao panapobana hauzidi kilometa tano kwa upana, unaiunganisha na Bahari Nyeusi, na kutoka huko maji yana njia ya kupita Mlangobahari wa Bosphorus, Bahari ya Marmara na Mlangobahari wa Dardanelles hadi Mediterania. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 39,000 na wastani wa kina ni takriban mita saba. Ungejenga nyumba ya ghorofa tano mahali penye kina kirefu kuliko pote, paa lake lingetokeza juu ya maji.

Maji yake hayana chumvi nyingi, kwa sababu mto Don unamimina maji baridi upande wa kaskazini-mashariki na mto Kuban upande wa mashariki, huku maji ya chumvi yakiingia kidogo kidogo kupitia Kerch. Kabla ya mito hiyo kuzuiwa kwa mabwawa, kilo moja ya maji ya Azov ilikuwa na gramu 11 hivi za chumvi, ilhali ya bahari kuu ina gramu 35. Tafadhali ikumbuke tarakimu hiyo ya gramu 11, kwa maana tutairudia tutakapofika kwa samaki.

*Nimeambiwa kwamba mjini Taganrog maji huweza kuondoka pwani mchana kutwa, vyombo vikabaki vimelala kwenye tope. Je, huko ni kupwa kwa maji kama kwa bahari nyingine?*

Hapana. Kujaa na kupwa kunakosababishwa na mwezi ni kudogo mno huko, hata mtu hawezi kukutambua kwa macho. Kinachoyaondoa maji ni upepo. Taganrog uko kwenye ghuba ndefu na nyembamba, ambayo kina chake ni kifupi hata kwa kipimo cha Azov yenyewe. Upepo mkali wa mashariki ukivuma kwa siku moja au mbili mfululizo huyasukuma maji kuelekea magharibi, na kwa kuwa maji hayo hayana kina cha kutosha kurudi kwa chini, sakafu ya ghuba hubaki wazi. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka kusini-magharibi, bahari yote husukumwa ndani ya ghuba kama maji yanayoinamishwa ndani ya sinia, na hapo ndipo mitaa ya chini na delta ya Don hufurika. Mwezi Septemba 2014 mafuriko ya namna hiyo yaliingia katika nyumba nyingi za pwani hiyo, bila ya mto kujaa.

Kwa hiyo mvuvi wa Azov hana haja ya kuhesabu siku za mwezi ili ajue bamvua; huutazama upepo. Nadhani jambo hilo lilimsumbua pia mfalme Peter wa Urusi, aliyeiteka ngome ya Azov mwaka 1696 na kuanzisha Taganrog mwaka 1698 ili manowari zake zipate bandari, ilhali pwani yenyewe haikuwa na kina cha kuzitosha.

*Katika ramani ninaona ndimi ndefu za mchanga katika pwani ya kaskazini, zote zikielekea upande mmoja. Ni watu waliozijenga?*

Umetazama vizuri. Ndimi hizo, kama vile Kryva, Bilosarai, Berdyansk, Obytichna na Fedotova, zimejengwa na mawimbi, na zote zinaelekea kusini-magharibi. Bahari hii imelala kwa urefu kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, na pepo zake zenye nguvu hufuata urefu huo, hivyo mawimbi hayaijii pwani uso kwa uso bali huipitia ubavuni. Kwa kawaida wimbi linalokuja moja kwa moja husawazisha pwani, likichukua mchanga wa mahali palipotokeza na kuujaza palipobonyea. Lakini pembe ikiwa pana, kuzidi nyuzi 45 hivi, kazi hiyo hugeuka kinyume: kichuguu kidogo cha mchanga hudaka mchanga zaidi badala ya kuupoteza, kikakua, kikakinga mawimbi yasifike kwa kilicho nyuma yake, na hatimaye vichache vikubwa huvimeza vidogo. Ndiyo maana ndimi hizo zimeachana kwa nafasi kubwa, kana kwamba mtu alizipima.

Wala si mchanga mtupu. Sehemu kubwa ya fukwe za Azov ni makombe yaliyosagika ya chaza na wanyama wenzake waliozaana kwa wingi katika sakafu iliyo karibu na jua. Maana yake ni kwamba wanyama hao wakifa kwa uchafuzi, ndimi zenyewe hukosa mali ya kujijengea, jambo ambalo wajenzi wa hoteli juu ya ndimi hizo hawakulifikiria sana.

Mrefu kuliko wote ni Ulimi wa Arabat, upande wa magharibi, wenye zaidi ya kilometa 100. Nyuma yake kuna Syvash, mtandao wa vidimbwi na wangwa ambao wenyeji wameupa jina la Bahari Iliyooza kwa sababu ya harufu ya mwani unaooza wakati wa joto. Chumvi imevunwa huko kwa karne nyingi. Baadhi ya maziwa yake, kama lile lililo karibu na mji wa Henichesk, huwa ya rangi ya waridi, na rangi hiyo hutokana na mwani mdogo sana uitwao Dunaliella salina pamoja na bakteria wapendao chumvi. Vitwitwi na ndege wengine wanaohama hutua Syvash kwa makundi makubwa kupumzika na kula.

*Je, ni kweli kwamba bahari hii iliwahi kuwa na samaki wengi kupindukia? Wamekwenda wapi?*

Ni kweli, na sababu ni kina kilekile kifupi. Mwanga hufika karibu na sakafu, mito huleta rutuba, maji hupata joto mapema, na mwani ukistawi chakula hakikosi. Katika mji wa Berdyansk wamemjengea sanamu samaki mdogo wa sakafuni aitwaye bychok, wakimwita mlishaji, kwa shukrani ya kuwaokoa watu miaka ya njaa. Ni nadra kuona samaki mdogo hivyo akiheshimiwa kiasi hicho.

Mwaka 1952 bwawa la Tsimlyansk lilianza kujazwa maji kwenye Don. Mafuriko ya majira ya machipuko, ambayo yalikuwa yakitandaza maji juu ya mabonde ambako samaki walitaga, yalipungua, na samaki wakubwa wa jamii ya sturgeon, wenye mayai ya kaviari, walifungiwa njia ya kupanda mto. Maji baridi yalipopungua, gramu 11 za chumvi zikaongezeka, na pamoja nazo konyeza kutoka Bahari Nyeusi.

Pigo la pili lilikuja ndani ya maji ya kusawazishia meli. Mnemiopsis, kiumbe mwororo afananaye na konyeza, mwenye asili ya pwani ya Atlantiki ya Marekani, alifika Bahari Nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuingia Azov mwaka 1988, akala vijidudu ambavyo ni chakula cha dagaa pamoja na mayai na vitoto vya samaki. Baridi ya Azov, ambayo hugandisha sehemu kubwa ya maji, humuua kila mwaka, lakini kila mwaka hurudi kupitia Kerch.

Wakati wa kiangazi kuna balaa jingine. Siku za joto zisizo na upepo, maji ya chini huishiwa oksijeni, na samaki wa sakafuni hukimbilia ufukweni kwa wingi.

*Nilisikia kwamba pwani hiyo ilikuwa nzuri kwa watoto. Naweza kuipeleka familia yangu?*

Ilikuwa nzuri kweli. Mtu mzima huweza kutembea umbali mrefu kabla ya maji kumfika kiunoni, maji ya kando hupata joto mapema kuliko ya Bahari Nyeusi, na tangu enzi ya Muungano wa Kisovyeti kambi za watoto na nyumba za tiba ya tope zilijengwa Berdyansk, Yeysk na Kyrylivka. Kwenye rasi za Taman na Kerch kuna volkano za tope, ambamo watu hujitumbukiza wakaelea. Wapenda mchezo wa tanga walikwenda kwenye ulimi wa mchanga wa Dolzhanskaya kwa ajili ya upepo.

Lakini tangu Februari 2022 pwani ya kaskazini imekuwa eneo la vita na kukaliwa na majeshi ya Urusi. Mji wa Mariupol uliharibiwa vibaya katika miezi ya mwanzo, na fukwe kadhaa zina mabomu ya ardhini. Mwezi Desemba 2024 meli mbili za mafuta zilivunjika katika dhoruba karibu na Mlangobahari wa Kerch, na mafuta mazito yakachafua fukwe za Bahari Nyeusi zilizo karibu. Kwa sasa, ndugu msomaji, usiende.