Pikapu kuwa nzito Kitonga baada ya kuweka tairi kubwa

Ndugu, umeuliza kwa nini pikapu yako imekuwa nzito kupanda mlima Kitonga; injini haijachoka. Umetoa tairi za inchi 31 ukaweka 35, difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu) ikabaki na uwiano wa 4.10, yaani shafti huzunguka mara 4.10 tairi ikizunguka mara moja, ndiyo maana Kitonga unapanda kwa shida. Piga hesabu ya uwiano utakaorudisha nguvu ya mwanzo: 4.10 mara 35, gawa kwa 31, unapata 4.63. Chukua difu ya 4.56, iliyo karibu na hapo; lakini kama kila wiki unabeba viazi kutoka Njombe, mimi ningefunga 4.88, hata kama tambarare itakula mafuta zaidi.

Kwanza hakikisha difu uliyonayo kwa kuhesabu meno: kraunwili (gia kubwa ya difu) 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 10 ndiyo 4.10. Ikiwa gari linavuta mbele na nyuma, badilisha difu zote mbili, la sivyo utaua transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma). Mpe fundi mwenye geji ya kupima nafasi ya meno. Difu iliyofungwa kwa kukisia hulia, kisha huisha.

Kwa sasa, kwa sababu ya tairi kubwa, mshale wa spidi ukisoma 80, unakimbia 90. Ukiteremka Kitonga, ingiza gia nzito mapema, maana breki nazo zimeongezewa kazi.