Kamera ya USB kugoma baada ya kuhamia Windows 11

Mkuu, salamu kutoka Tabora. Nimekusoma hivi: kamera ya hapo stationari kwako Ujiji ilikuwa inapiga picha za pasipoti vizuri kwenye Windows 10, umehamia 11, sasa ni kioo cheusi tu.

Anza na ruhusa. Ingia Mipangilio, faragha, kamera, uwashe. Shuka chini kabisa uwashe na ile ya programu za mezani (desktop apps). Hii ndiyo wengi wanairuka.

Bado nyeusi? Fungua Device Manager, pale Windows inapoorodhesha vifaa vyote vya kompyuta. Ukiona alama ya njano kwenye kamera, tatizo ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kamera. Usikimbilie kupakua kwenye vitovuti vya ajabuajabu, utavuna virusi. Bofya kulia, sasisha draiva, chagua kutafuta mwenyewe kwenye kompyuta, na kwenye orodha chukua USB Video Device. Kamera za wateja wangu nyingi zimefufukia hapo, hata zile za Kichina zisizo na jina.

Ila kama ni ya kale, zile za kuja na CD yake, huenda haifuati UVC, ule utaratibu wa pamoja wa kamera za USB ambao hiyo USB Video Device inautegemea. Hiyo usikeshe nayo kwenye 11. Ukiwa na mashine kuukuu pembeni yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, chomeka kamera hapo. Kule draiva za gspca bado zinazibeba nyingi za kale.