Wagonjwa ambao hatujawaona tunawahesabu vipi?

SWALI: Mimi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, huku Mubende, Uganda. Ebola ikiingia redio inatutangazia wagonjwa kadhaa, halafu daktari anaongeza eti kuna wengine hawajulikani. Sasa kama hawajulikani, namba yao wanaitoa wapi? Si ni kubahatisha tu?

JIBU: Hapana dada, si kubahatisha, ila ni makadirio, na sehemu kubwa inatoka kwenye madaftari yenu nyie VHT.

Cha kwanza mimi huuliza hivi: mgonjwa mpya akithibitishwa, jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya waliogusana na wagonjwa? Tuseme wapya ni 10 na 4 hawakuwa kwenye orodha, basi hao 4 kuna mtu amewapa virusi na sisi hatuna habari, yaani moto unawaka mahali hatujafika. Namba hiyo naiangalia hata kabla ya jumla.

Pili, vifo. Mwaka 2022 huko kwenu Uganda mlipuko wa virusi vya Sudan, aina mojawapo ya Ebola, uliisha na wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 kati yao wakafa, halafu wako 22 walioandikwa "huenda" kwa sababu walikufa kabla sampuli haijachukuliwa. Sasa angalia hapo, hao 22 wote ni marehemu! Ugonjwa huu kwa kawaida unaua karibu nusu, sasa wale walioumwa bila kupimwa halafu wakapona wako wapi? Kaburi linaonekana, aliyepona nyumbani anarudi shambani na hakuna anayemwandika, kwa hiyo vifo 5 vya kijijini visivyoeleweka mimi nitavisoma kama wagonjwa 10 hivi, na tena waliugua siku nyingi nyuma, leo wanaweza kuwa wameongezeka.

Tatu ni kulinganisha orodha mbili. Mfano wa kubuni: hospitali ina majina 40, VHT wana 30, na majina 20 yako kote kuwili. Unazidisha 40 kwa 30, unagawa kwa 20, unapata 60. Majina tuliyonayo jumla ni 50, kwa hiyo kama 10 hivi wametupita. Lakini hapa kuwa makini sana, hesabu hii inataka orodha zisitegemeane, na anayekimbia hospitali mara nyingi anamkwepa na VHT pia, kwa hiyo majina yanafanana kupita kiasi na jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Nikipata 10 najua huenda ni zaidi.

Ndiyo maana nakuomba, usikopi orodha ya hospitali, andika yako mwenyewe. Weka na aliyeumwa homa akapona, weka aliyezikwa haraka na nani walimwosha, na siku homa ilipoanza, hata kama mama mwenye nyumba anakumbuka tu kwamba ilikuwa siku ya soko.